Dari

Kifuniko kimefika Ilala kimepasuka,
vipande vitatu ndani ya gauni langu la njano.
Chungu chenyewe kizima. Nimekibandika jikoni,
nimekifunika kwa sahani ya bati,
na majirani wa Bungoni wamejaa ukumbini:
Enhe, Moroko kukoje?

Kukoje.
Miaka mitatu ya upatu, mimi na Siwema,
elfu hamsini kila mwisho wa mwezi,
hata mwezi ule cherehani yake ilipoungua mota.
Hatukutaka kampuni, wala bwana wa kutuongoza
na kibendera juu ya fimbo.
Tulitaka kupotea wenyewe, kwa hela yetu.

Tukapotea.
Kituo cha mabasi, Fezi, alfajiri, baridi inang'ata masikio.
Karani akauliza kitu; nikadhani kauliza kwetu wapi.
Tanzania, nikasema, mkono kifuani.
Tanja, akasema, akachapa tiketi mbili.
Siwema: hebu iangalie vizuri hiyo tiketi.
Mimi: we naye, kila kitu wasiwasi.
Kumbe Tanja ni mji.
Tulilala. Tulipoamka palikuwa na bahari
mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na bahari,
na chumba tulicholipia kilikuwa Meknesi
kikitandikiwa shuka safi, bila sisi.

Siwema hakunisemesha hadi magharibi.
Alitembea hatua kumi mbele,
magurudumu ya begi lake yakigonga mawe
kama mtu anayesonya kwa miguu.

Askari akataka pasi. Akaigeuza, akaigeuza tena,
akatazama viatu vyetu,
akatazama maji.
Sikuelewa.
Alinielewesha Mamadi, kijana wa Gine,
muuza makava ya simu chini ya ngazi,
kwa Kiingereza cha kuokoteza kama changu:
Mnavuka lini?
Ng'ambo kulikuwa na taa za Uhispania.
Ningesema karibu kama Kigamboni, lakini ni uongo.
Hatuvuki, nikamwambia. Tunarudi nyumbani.
Alicheka mpaka akashika ukuta.
Kisha hakucheka.
Nyumbani kuna nini?
Mtu mzima mimi, na sikuwa na jibu.
Nikasema, kuna joto.

Mvua ikaanza, ile ya mshazari, isiyojali mwavuli.
Mama mmoja mwenye kapu la mikate akasimama,
akatupima, akanyosha kidole juu kilimani:
Dari, dari.
Nikaruka. Ndiyo! Dar! Umepajuaje?
Tukamfuata, mimi nikimsimulia Kariakoo njia nzima.
Kumbe kwao dari ni "nyumba yangu".
Kwetu ni kile unachokitazama
usingizi ukigoma.
Ndipo Siwema, aliyenuna tangu asubuhi, akaangua kicheko,
akakaa ngazini na maji yakimpita.

Siku mbili tulikuwa wageni wa Lala Hniya.
Ya tatu hakutupa jembe, alitupa njegere,
beseni zima, tukamenya.
Maneno tuliyapanga mezani kama dhumna:
sukari, sabuni, sanduku, saa.
Yakiisha tunayachanganya, tunaanza upya.
Ijumaa kuskusi, sinia moja, mikono saba.
Hiki chungu ni chake. Alikifunga kwa magazeti;
kifuniko nilikifunga mimi.

Hayo yote sijawaambia.
Nimewaambia, pazuri, baridi tu.
Wamekula, wamesifu, wameuliza bei ya tiketi, wameguna.

Saa mbili usiku Siwema kaingia na gundi ya fundi viatu,
kakaa chini, kapanga vipande juu ya kanga.
Safari nyingine, anasema bila kuinua macho,
tiketi nakata mimi.

Umeme umekatika. Feni inapunguza, inapunguza, imesimama.
Simu inawaka mkononi, ujumbe wa Mamadi,
neno moja na alama ya kuuliza:
Joto?

Nimefuta jasho la kidole nipate kuandika.
Joto, nimemjibu.
Bado nangoja aniambie yuko upande gani wa maji.